DUNIANI WAWILI WAWILI: KWA NINI KIPIMO KIMOJA HAKITOSHI



Kila wiki tunapokea hospitalini watu wenye karatasi ndogo ya maabara mkononi. Mmoja ameandikiwa “Widal 1/160”, mwingine “VDRL chanya”, mwingine ameonyeshwa kijistari tu na kuambiwa aende hospitali. Wengi wameshajihukumu njiani. Baadhi wamegombana nyumbani kabla ya kufika kwetu: mke anamshuku mume, au mume amemrudisha mke kwao. Mara nyingine karatasi ile haikusema yale waliyoyasoma ndani yake.

Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida hubaki kwa watu wa maabara. Kwa nini kipimo cha damu au cha mkojo kinaweza kusema “upo” juu ya kitu ambacho hakipo? Wataalamu wamefanya nini kupunguza kosa hilo? Na sisi tufanye nini tunapopata majibu? Somo ni gumu kidogo, lakini msomaji akienda nasi polepole atalielewa.

KINGAMWILI NI NINI?

Mwenyezi Mungu ameupa mwili wetu ulinzi. Kijidudu kinapoingia, chembe nyeupe za damu hutengeneza vitu vidogo sana viitwavyo kingamwili. Kila kingamwili ina umbo la kushika alama fulani iliyo juu ya kijidudu, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli yake. Ikishaishika alama hiyo, kijidudu hujulikana na kushambuliwa. Mara nyingi kingamwili hubaki katika damu muda mrefu hata baada ya mtu kupona.

Wataalamu wameutumia uwezo huu kutengeneza vipimo, na viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hutafuta kingamwili katika damu ya mgonjwa: maabara huweka alama za kijidudu, na kama damu ina kingamwili za kuzishika, rangi au mstari hutokea. Aina ya pili ni kinyume chake: maabara huweka kingamwili zilizotengenezwa kiwandani, nazo hutafuta alama ya kijidudu au ya homoni katika damu au mkojo. Kipimo cha Widal, cha kaswende na cha virusi vya UKIMWI kinachotolewa damu kidoleni ni vya aina ya kwanza. Kipimo cha mimba na kile cha haraka cha malaria ni vya aina ya pili.

KIPIMO KINAPOFANANISHA

Sote tumewahi kumwita mtu barabarani, naye alipogeuka tukasema, “Samahani, nimekufananisha.” Hatukuwa vipofu. Tuliona mwendo wake, shati lake, au kisogo chake, tukadhani ni ndugu yetu. Wazee husema duniani wawili wawili.

Kingamwili nayo hufananisha. Haimwoni mgonjwa wala haiujui ugonjwa. Inapapasa umbo la alama moja ndogo. Kama kijidudu kingine, au hata kitu cha mwili wenyewe, kina alama inayokaribiana na ile, kingamwili itaishika vilevile, na kipimo kitasema “upo”. Kipimo kizuri ni kile kinachomtambua anayetafutwa na kumwacha jirani anayefanana naye.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Mzee Isaka, ambaye macho yake hayakuona tena, alitumia vipimo zaidi ya kimoja. Alisikiliza sauti, akaona ni ya Yakobo. Alipapasa mikono iliyofunikwa ngozi za mbuzi, akaona ni ya Esau. Majibu yalipingana. Akafuata yale ya mikono, na baraka ikaenda kwa mwingine. Mkumbuke mzee huyu tunapoendelea.

NJIA ZA KUPUNGUZA KUFANANISHA

1. Kuchagua alama ambayo jirani hana

Mfano mzuri ni kipimo cha mimba. Mwanamke akishika mimba, mwili wake hutoa homoni iitwayo hCG. Homoni hii ina vipande viwili vilivyoungana, alfa na beta. Kipande cha alfa ni kilekile kinachopatikana katika homoni nyingine tatu za mwili, mojawapo ikiwa LH, ambayo huongezeka yai linapokaribia kutoka na pia mwanamke anapokoma hedhi. Kingamwili za vipimo vya zamani zilitengenezwa kwa kutumia hCG nzima, kwa hiyo zilishika na LH pia. Mimba changa haikuweza kutofautishwa vizuri na LH ya kawaida.

Mwaka 1972, huko Marekani, Judith Vaitukaitis na wenzake Glenn Braunstein na Griff Ross walitangaza kipimo kipya. Walitengeneza kingamwili kwa kutumia kipande cha beta peke yake, kwa kuwa hicho ndicho chenye sehemu ambazo LH haina. Vipimo vya mimba vinavyouzwa leo katika maduka ya dawa vimetokana na wazo hilo.

2. Kutaka mashahidi wawili kwa pamoja

Katika vipimo vingi vya siku hizi kingamwili ni mbili. Moja imebandikwa mahali pa mstari, nyingine imebeba rangi na husafiri na mkojo au damu. Mstari huonekana tu kama kitu kinachotafutwa kimeshikwa na zote mbili, kila moja mahali pake. Anayefanana kwa upande mmoja tu atashikwa na moja, lakini hataleta mstari.

Jambo hili lilirahisishwa na kazi ya Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza. Mwaka 1975 walieleza jinsi ya kupata kingamwili zinazotoka katika uzao wa chembe moja, zote za umbo moja. Kabla ya hapo, kingamwili zilizotolewa katika damu ya mnyama zilikuwa mchanganyiko: nyingine makini, nyingine zikishika chochote. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

3. Kusafisha kile kinachowekwa kama chambo

Kipimo cha kwanza cha virusi vya UKIMWI kilipata kibali Marekani mwezi Machi 1985. Chambo chake kilikuwa virusi vizima vilivyooteshwa ndani ya chembe za binadamu, kisha vikapondwa. Humo mlibaki pia mabaki ya chembe zile. Sasa fikirini mama aliyezaa mara nyingi: mwili wake umewahi kukutana na alama za baba kupitia watoto aliowabeba, na anaweza kuwa na kingamwili za kushika alama za chembe za binadamu wengine. Damu yake ilishika yale mabaki, na kipimo kikasema ana virusi, kumbe kosa lake ni kuzaa tu! Waliowahi kuongezewa damu walipatwa na jambo hilohilo.

Hata malaria ilisumbua. Mwaka 1985 watafiti waliopima watu mashariki mwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliona kwamba waliokuwa na kingamwili nyingi za malaria walielekea zaidi kuonekana na majibu ya “upo” katika vipimo vile vya mwanzo.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuacha kutumia virusi vizima. Watengenezaji walianza kutumia vipande teule vya virusi, vilivyotengenezwa peke yake bila mabaki ya chembe za binadamu. Makosa yakapungua sana, ingawa hayakwisha.

4. Kuziondoa kwanza kingamwili za majirani

Kijidudu cha kaswende kina ndugu wasio na madhara, wanaoishi hata kinywani mwa mtu mwenye afya. Karibu kila mtu ana kingamwili kidogo za kuwashika ndugu hao. Kipimo kiitwacho FTA, kilichotokea mwishoni mwa miaka ya 1950, kilizifananisha. Kwanza wataalamu walijaribu kuzimua damu mara 200 ili kingamwili hizo chache zisionekane. Ilisaidia, lakini wagonjwa wa kweli wenye kingamwili chache nao wakapotea.

Mwaka 1964 ikaja njia bora zaidi. Kabla ya kupima, majimaji ya damu yalichanganywa na dondoo la kijidudu ndugu kisicho na madhara. Kingamwili za majirani zikashikwa humo na kumalizika. Zilizobaki zikakutanishwa na kijidudu cha kaswende chenyewe. Ni kama kupepeta: makapi hutoka kwanza, ndipo mchele unapimwa.

5. Kufuata maelekezo pale pale mezani

Njia hii ni yetu sisi wa zahanati na vituo vya afya. Kimiminika kinachokuja na kipimo si maji tu. Kimetengenezwa ili kingamwili zisinate ovyo. Mtu akikiishiwa na kutia maji ya bomba au ya drip, mstari wa uongo unaweza kutokea. Vilevile, kipimo kisomwe ndani ya dakika zilizoandikwa. Ukikiacha mezani ukaenda kunywa chai, ukirudi unaweza kuona mstari ambao haukuwapo. Na kisitunzwe penye joto au unyevu kuliko ilivyoelekezwa.

PALE AMBAPO KUFANANISHA HAKUJAONDOKA

Kuna mambo mawili ambayo lazima waamini wayajue, maana yanavunja nyumba na kumaliza fedha.

La kwanza ni KASWENDE. Kipimo cha VDRL na ndugu yake RPR hakitafuti kingamwili za kijidudu chenyewe, bali kingamwili za aina fulani ya mafuta, ambayo Mary Pangborn wa Marekani aliyatenga kutoka moyo wa ng'ombe mwaka 1941. Mwili unaoumizwa na kaswende hutoa kingamwili hizo, lakini hata malaria, ukoma, kifua kikuu, lupasi, uzee, na mara chache ujauzito wenyewe, vinaweza kuzileta. Ndiyo sababu VDRL chanya huhitaji kuthibitishwa na kipimo cha aina nyingine, kama TPHA au kipimo cha haraka kinachotumia alama za kijidudu chenyewe.

Na hivi navyo vina mpaka wake. Kijidudu cha buba na cha kaswende ni karibu pacha, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoweza kuwatenganisha. Buba si ugonjwa wa zinaa. Huenea kwa kugusana ngozi, hasa kati ya watoto. Mzee aliyeugua buba utotoni anaweza kuonekana na kingamwili hizo hadi leo. Tena, mtu aliyetibiwa kaswende akapona, kwa kawaida hubaki na mstari huo maisha yake yote. Kwa hiyo mstari hausemi ugonjwa uliingia lini, wala ulitoka kwa nani. Mume au mke asiutumie kama hati ya mashtaka.

La pili ni HOMA YA MATUMBO, yaani taifodi. Kipimo cha Widal kimepewa jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili za alama mbili za kijidudu cha taifodi, O na H. Tatizo ni kwamba alama zake za O hupatikana pia kwa ndugu zake wengine wa jamii ya Salmonela, wale wanaoleta kuhara tu. Malaria nayo inaweza kuamsha kingamwili hizo. Aliyeugua zamani au kuchanjwa anaweza kuwa nazo. Kwa hiyo mahali penye malaria na maji machafu, watu wengi wenye afya wanaweza kuonekana na Widal chanya.

Matokeo yake tunayaona. Mtu anatibiwa taifodi mara nne kwa mwaka, kila mara kwa Widal moja tu. Anakunywa dawa za kuua vijidudu bila sababu, vijidudu vinazizoea, na ugonjwa halisi, labda kifua kikuu, unaendelea ndani kimyakimya. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara kabla mgonjwa hajaanza dawa. Penye Widal tu, damu ichukuliwe mara mbili, siku 10 hivi kati ya ya kwanza na ya pili. Kingamwili zikipanda mara nne, kwa mfano kutoka 1/80 hadi 1/320, hapo kuna neno.

HESABU NDOGO KWA WENYE SUBIRA

Tuseme kijijini tunapima watu 1000, na wenye ugonjwa kweli ni 10. Kipimo chetu kinawatambua wote 10. Kwa wasio na ugonjwa kinakosea watu 2 tu katika kila 100. Kipimo hicho ni kizuri, sivyo?

Wasio na ugonjwa ni 990. Wawili katika kila mia ni karibu 20. Basi watakaoambiwa “upo” ni 30: wenye ugonjwa 10, na wasio nao 20. Wengi wa waliolia siku hiyo walilia bure!

Sasa tuwapime hao 30 kwa kipimo cha pili, ambacho nacho hukosea 2 katika 100, lakini kwa sababu tofauti. Kati ya wale 20, hatabaki hata mmoja, au labda mmoja. Wale 10 watabaki. Hiyo ndiyo faida ya kipimo cha pili.

Lakini angalieni maneno “kwa sababu tofauti”. Kama kipimo cha pili kinatumia alama zilezile za cha kwanza, kitamfananisha mtu yuleyule. Kumuuliza shahidi mmoja mara mbili si kupata mashahidi wawili.

MASHAHIDI WATATU

Torati ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, iliagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa shahidi mmoja, bali wawili au watatu. Kwa virusi vya UKIMWI utaratibu wa leo unafanana na agizo hilo. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi zote kwamba mtu asiambiwe ana virusi mpaka vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vimekubaliana. Cha kwanza huchaguliwa kwa kuwa hakimwachi mgonjwa apite. Vinavyofuata kwa kuwa havifananishi kwa urahisi. Na kabla ya kuanza dawa, mtu hupimwa upya.

Vipimo vikipingana hatufanyi kama mzee Isaka, kuchagua jibu moja na kuendelea. Tunarudia kama utaratibu unavyotaka, na majibu yasipoeleweka mtu huombwa arudi baada ya siku 14. Siku hizo ni ndefu sana kwa anayesubiri. Ndugu na jirani wasimwongezee mzigo kwa maneno.

USHAURI WETU

Kwanza, kipimo cha kwanza kikiwa chanya, uliza kwa upole: “Kuna kipimo cha kuthibitisha?” Ni haki yako, wala si dharau kwa mhudumu.

Pili, usimshitaki mwenzi wako kwa karatasi moja. Njooni pamoja, mpimwe pamoja, muelezwe pamoja.

Tatu, mweleze mhudumu habari zako zote: magonjwa ya utotoni, dawa ulizokunywa, chanjo, ujauzito, kuongezewa damu. Habari hizo humsaidia kujua kama kipimo kimefananisha.

Nne, na hili ni zito: kukitilia shaka kipimo si ruhusa ya kukataa dawa. Mama mjamzito akionekana na kaswende kwa kipimo cha haraka, asingoje wiki nzima kuthibitisha. Achomwe sindano ya benzathini penisilini siku hiyohiyo, kama haimdhuru, na uthibitisho ufuate. Kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni au kumletea ulemavu. Sindano isiyohitajika ina hasara ndogo sana ikilinganishwa na jeneza dogo. Vilevile aliyethibitishwa kwa vipimo vitatu kuwa na virusi vya UKIMWI asizunguke vituo akitafuta jibu la kumfurahisha. Aanze dawa, aishi.

Tano, usinunue kipimo na kujitibu mwenyewe dukani. Kipimo kinahitaji mtu wa kumtazama mgonjwa mzima: homa yake, ulimi wake, tumbo lake, na maisha yake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Kwa nini mama aliyezaa mara nyingi aliweza kuonekana na virusi vya UKIMWI katika vipimo vya mwaka 1985?

2. Je, katika jumuiya yetu kuna wanaotibiwa taifodi mara kwa mara? Tuwashauri nini?

3. Tukisikia jirani “ameonekana na ugonjwa”, Mkristo afanye nini kwanza: kusambaza habari, au kumsindikiza kupima tena?

Yesu alipomgusa yule kipofu wa Bethsaida, kadiri ya Injili ya Marko sura ya 8, mtu yule mwanzoni aliona watu kama miti inayotembea. Bwana hakumwacha hapo. Aliweka mikono tena mpaka akaona sawasawa. Nasi tusione haya kutazama mara ya pili.

Mungu awabariki, awape afya njema ya roho na mwili.